Ukuta wa Udongo, Paa la Safari: Historia ya Kutumia Tena Vifaa vya Ujenzi Arua na Koboko

Katika eneo la Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nyumba haijawahi kuwa kitu kimoja. Ukuta hutokana na udongo wa mahali ulipojengwa na hatimaye huurudia udongo huo huo. Paa, nguzo na mlango huwa na maisha mengine: hung'olewa, hubebwa na kuezekwa kwingine. Makala haya yanafuatilia utengano huo tangu mwanzo wa karne ya 20 na kudai kwamba mgawanyo wa kiutawala wa nyumba "za kudumu" na "za muda" umeficha stadi ambayo wakazi wameijenga katika miongo mingi ya kuhama na kurejea.

Msingi wa stadi hiyo ni kalenda. Mvua za West Nile huanza mwezi wa Machi au Aprili na kwisha Novemba, kisha hufuata kiangazi. Nyasi za kuezekea hukomaa mvua zinapokatika, na hazina budi kukatwa kabla moto wa nyika haujazifikia. Kwa hiyo ujenzi wa msonge, kwa Walugbara na Wakakwa vilevile, ni kazi ya kiangazi. Hata hivyo, utunzaji wake ni wa mwaka mzima. Moshi wa jikoni hukausha makuti ya nyasi na kufukuza wadudu. Udongo wa kichuguu, unaoshikana vizuri kuliko udongo wa kawaida, hutumika kukandika nyufa zilizoachwa na mvua. Msonge unapochakaa, nguzo ambazo mchwa wameshindwa kuzila huchomolewa na kusimamishwa tena, zilizoliwa huwa kuni, na nyasi kuukuu huozea shambani. Mtaalamu wa leo angeuita mfumo huu uchumi wa mzunguko. Wenyeji hawakuupa jina lolote, pengine kwa sababu hawakujua namna nyingine ya kujenga.

Utawala wa kikoloni ulikuja na dhana tofauti ya nyumba. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, ambayo mkataba wa 1894 uliikodisha kwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Alipofariki mwaka 1909, Lado ilipita mikononi mwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mwaka huo huo A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, aliweka kituo chake Arua. Kodi iliwasukuma vijana wa Kilugbara kwenda kufanya kazi kusini, yakiwemo mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Bati, lililoonekana kwanza kwenye ofisi, misheni na maduka, likawa polepole mojawapo ya njia za kuhifadhi mshahara. Halikuliwa na mchwa, lingeweza kuuzwa likiwa kuukuu, na lilipohamishwa lilidai misumari mipya tu na lami ya kuziba matundu ya zamani.

Thamani ya sifa hiyo ilidhihirika katika miaka ambayo watu wa West Nile wangependa kuisahau. Baada ya Idi Amin kuangushwa Aprili 1979, jeshi jipya la UNLA liliwatazama wakazi wa eneo alikotoka kama maadui. Wapiganaji waliovuka kutoka Sudan walishambulia Oktoba 1980, na kisasi kikawaangukia raia. Maduka na nyumba za Arua na Koboko ziliporwa na kuchomwa. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci waliuawa. Umati mkubwa ulivuka kwenda Zaire na Sudan. Barbara Harrell-Bond, aliyeandika juu ya wakimbizi hao katika eneo la Yei, aliwaonyesha kama watu waliojitafutia riziki kwa njia zao wenyewe, mara nyingi nje ya mipango ya wafadhili. Huko nyuma, kuta zilizopoteza paa ziliyeyuka katika misimu michache ya mvua. Aliyerejea kuanzia 1986 alikuta kichuguu kidogo mahali palipokuwa sebule. Udongo, walau, ulikuwapo.

Ujenzi mpya ulichukua mkondo ambao haujajadiliwa vya kutosha. Tofali la kuchoma likawa alama ya amani: mwenye kulijenga alitangaza kwamba hatakimbia tena. Lakini tanuri la matofali hula magogo kwa siku kadhaa, na lilishindania miti ile ile iliyotakiwa na mabanda ya kukaushia tumbaku. Sensa, zinazohesabu vifaa vya paa, ukuta na sakafu kwa kigezo cha udumu, zikaliweka tofali hilo katika safu ya maendeleo, na msonge katika safu ya umaskini. Gharama ya msitu haikuwa na safu.

Kisha historia ikageuka. Wakongo walipewa makazi Lobule, wilayani Koboko, mwaka 2013. Baada ya mapigano ya Julai 2016 nchini Sudan Kusini, watu wa Yei, miongoni mwao Wakakwa ambao wazazi wao walikuwa wenyeji wa wakimbizi wa Koboko, walivuka mpaka kuelekea upande wa pili. Kambi ya Bidi Bidi, katika wilaya jirani ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo na ikapokea zaidi ya watu 250,000 katika miezi michache. Ardhi waliyopewa kwa sehemu kubwa ni ya koo, chini ya umiliki wa kimila unaotambuliwa na Katiba ya 1995. Mkimbizi ana haki ya kuitumia, si ya kuimiliki. Hapo utengano wa ukuta na paa unapata maana ya kisheria: udongo ni wa ukoo, bati na mlango ni vya mkazi. Turubai la msaada lililoanza kama paa huishia kuwa kizuizi cha bafu au kitanda cha kuanikia mihogo.

Kituo cha sanaa kilichojengwa Bidi Bidi kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa, na paa linalokinga maji ya mvua, kinaonyesha kwamba jengo imara halihitaji tanuri. Hata hivyo, swali gumu zaidi linahusu nyumba za kawaida. Wakati wa kurejea Yei utakapofika, ni nani atakayeruhusiwa kung'oa paa, kulivusha Oraba bila kutozwa ushuru, na kumwachia mwenye ardhi kuta zake? Watu wa Koboko waliorejea baada ya 1986 wangeweza kuulizwa. Wengi wao bado wapo hai.