Choo Mezani pa Labo: Kutoka Katana hadi Kipimo cha Nyumbani

Kwa miongo mingi, mgonjwa wa Kivu, mashariki ya Kongo, aliyelalamikia tumbo aliondoka kwa daktari akiwa na agizo moja: kesho alete choo. Asubuhi kilifika ndani ya ganda la kiberiti, au kimefungwa kwa jani la mgomba, na siku hizi kwenye kikopo cha plastiki. Fundi wa labo alichota kidogo kwa kijiti, akakichanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, akainamia darubini. Alichokitafuta kilijulikana: amibe, safura, mayai ya kichocho. Baadaye kikaongezeka kipindupindu, ambacho tangu miaka ya 1970 hakijaihama Kongo ya mashariki. Damu isiyoonekana kwa macho, ile inayoweza kufichua saratani ya utumbo mpana kabla mtu hajasikia maumivu, haikuwa miongoni mwa vilivyotafutwa.

Si kwamba Kivu ilikosa wapimaji. Kaskazini ya Bukavu, mji ulioitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kiliendesha hospitali ya Katana kupitia shirika lake la FOMULAC. Jirani yake, Lwiro, likajengwa jumba kubwa la IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947. Wataalamu walichunguza utapiamlo wa watoto, na kwenye kisiwa cha Idjwi wakachunguza tezi za shingo zinazoletwa na upungufu wa madini joto. Mwaka 1962 madaktari Clemmesen, Maisin na Gigase walitoa ripoti ya awali juu ya saratani za Kivu na Rwanda-Urundi. Mashariki ya Kongo ilikuja kujulikana duniani kwa wingi wa saratani ya Kaposi. Ya utumbo mpana, katika hospitali za Afrika ya wakati huo, ilikuwa adimu.

Uadimu huo ulimsumbua Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi Mulago, Kampala, hadi 1966. Aliziandikia barua hospitali za misheni, akizitaka zimpe habari za uvimbe ziliouona. Kisha akauliza swali ambalo wasomi wengi wangeliona la aibu: choo cha mwanakijiji kina uzito gani? Matokeo aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1972 yalionyesha kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa karibu gramu 470 kwa siku, na chakula kilipita tumboni kwa saa 36 hivi. Kwa Waingereza waliopimwa, choo kilikuwa gramu 100 na ushei, na safari ilizidi siku tatu. Burkitt alisema siri ya choo hicho, na ya uadimu wa saratani ya utumbo mpana, ni makapi ya nafaka, maharagi na mboga. Mtu yeyote aliyelelewa kwa bugali na sombe angemwelewa haraka. Hata hivyo hoja yake ina tundu: rejista ya hospitali humhesabu aliyefika hospitalini tu, na waliofia kijijini bila kupimwa hawakuandikwa popote.

Kipimo chenyewe cha damu isiyoonekana kilizaliwa mbali. Utomvu wa gwayaki, mti wa visiwa vya Karibi, hugeuka buluu ukikutana na damu pamoja na dawa ya peroksaidi. Mwanasayansi wa Uholanzi, van Deen, alilitumia jambo hilo mwaka 1864. Mwaka 1901 Ismar Boas wa Berlin alieleza umuhimu wa damu iliyojificha chooni katika kutambua saratani za tumbo na utumbo. Hatua iliyokitoa kipimo hospitalini na kukipeleka nyumbani ilikuja mwaka 1967, pale David Greegor wa Marekani alipochapisha habari za wagonjwa aliowapa vikaratasi vyenye gwayaki: wale chakula kisicho na nyama, wapake choo kidogo kwa siku tatu, warudishe. Ushahidi mzito ulitoka Minnesota mwaka 1993. Miongoni mwa watu 46,551 waliofuatiliwa, waliopimwa kila mwaka walikuwa na vifo vya saratani ya utumbo mpana pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiopimwa. Vipimo vingi vya leo hutambua damu ya binadamu peke yake, kwa hiyo nyama ya jana haimdanganyi mtu.

Ubelgiji ile ile iliyoendesha Katana sasa inaitumia teknolojia hiyo kwa kawaida tu. Tangu mwaka 2013 wakazi wa eneo la Flanders waliofikia umri unaotakiwa hupelekewa kipimo nyumbani kwa bahasha, nao hukirudisha kwa posta.

Bukavu bahasha hiyo ingepita wapi? Mzigo wa kwenda Goma hukabidhiwa boti au msafiri anayeaminika, na nyumba za Kadutu, mtaa wa Bukavu, zilizopandana mlimani hazina sanduku la barua. Lakini hilo ndilo tatizo dogo. Kichocho na safura navyo hutoa damu, basi majibu yanaweza kuashiria ugonjwa mwingine kabisa. Na kila aliyekutwa na damu anahitaji kamera ya kupitishwa njia ya haja kubwa, mtaalamu wa kusoma kinyama kilichokatwa, na mpasuaji. Mashariki ya Kongo watu hao na vifaa vyao ni haba. Kongo haina mpango wa kitaifa wa kuchunguza saratani hii, na vita, vilivyouingia mji wa Bukavu tena Februari 2025, haviachi nafasi ya kuupanga. Ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa kulinganisha, Rwanda ilifungua kituo cha saratani Butaro mwaka 2012. Huku Bukavu, kugawa vipimo bila kuandaa hatua hizo za kufuatilia majibu kungekuwa kuwatisha watu bure.

Kwa sasa, lililo mikononi mwa wakazi wa Bukavu ni kutokubali kila damu iitwe amibe au bawasiri. Aliyevuka miaka 50, au kijana ambaye mzazi wake aliugua saratani hii, akiona damu chooni kwa wiki kadhaa, haja ikibadilika au akipungukiwa damu bila sababu, asinunue dawa ya minyoo kwa mara ya tatu. Aende hospitali kubwa, amweleze daktari historia ya familia yake, na aombe utumbo uchunguzwe.