Kariakoo haikuzaliwa siku moja

Lipo swali la kale ambalo wanafalsafa wamelibishania kwa karne nyingi. Je, mambo ya ulimwengu hubadilika taratibu, kama mto unavyotiririka, au huruka kutoka hali moja hadi nyingine? Leibniz, mwanafalsafa wa Ujerumani, alishikilia kwamba maumbile hayaruki. Lakini mwaka 1900 Mjerumani mwenzake, Max Planck, alionyesha kwamba joto na mwanga hutolewa kwa vipande vipande.

Muuza nafaka wa Kariakoo hatashangaa. Mchele ukimiminwa kutoka guniani, kwa mbali huonekana kama maji. Ukisogea karibu, ni punje moja moja.

Hebu sasa tuitazame Kariakoo yenyewe. Septemba 1916, majeshi ya Uingereza yaliuteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Bendera moja ilishuka, nyingine ikapanda. Huko ndiko kuruka. Tarehe inajulikana, na wanafunzi huikariri.

Lakini jina je? Hapa palikuwa na kambi ya wapagazi wa Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Hakuna gavana aliyetia sahihi kwamba mahali hapa paitwe Kariakoo. Ni ndimi za wenyeji zilizolilainisha jina la Kiingereza, siku baada ya siku, hadi likawa Kiswahili. Nani atatutajia tarehe?

Ndivyo ilivyokuwa kwa nyumba za vyumba sita: ilivunjwa moja, ikafuata nyingine, mpaka maghorofa yakatawala. Soko nalo lina tarehe zake. Jengo lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likashika moto. Jasho la miaka mingi la wafanyabiashara likateketea usiku mmoja.

Basi yote mawili ni kweli. Tatizo letu ni kwamba historia tunayofundishana hupenda kuruka tu. Wapagazi kwa maelfu walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa, mmoja hapa, wawili kule. Kwa kuwa hawakufa siku moja, hawana siku yao katika masimulizi yetu.

Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Kila konda wa daladala anaponadi "Kariakoo! Kariakoo!", anawataja wale wapagazi, ingawa hajui.