Mipira ya ombwe katika lori kuukuu: Upi ung'olewe, upi usiguswe

MPIRA mwembamba uliopasuka waweza kulifanya lori kuukuu litetemeke, lile mafuta kupita kiasi na hata likose breki. Hata hivyo, wapo mafundi ambao wakifungua boneti na kukuta mipira iliyokauka na kusokotana, huing'oa yote na kuziba matundu kwa misumari. Kazi hiyo huchukua dakika chache, lakini madhara yake huweza kujitokeza mteremkoni.

Injini ya petroli huvuta hewa kama mtu anavyovuta soda kwa mrija. Kabureta inapoibana hewa hiyo, shinikizo ndani ya injini hushuka kuliko lile la nje. Upungufu huo ndio huitwa ombwe, na husafirishwa kwa mipira ili kuendesha vifaa vingine. Mpira mmoja huenda kwenye distribyuta kuwahisha cheche. Mwingine huenda kwenye vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza gesi chafu. Ule mnene zaidi huelekea kwenye busta, kopo la duara linaloongeza nguvu ya mguu wa dereva anapokanyaga breki.

Injini ya dizeli ya zamani kwa kawaida haina ombwe la kutosha, hivyo hutumia pampu. Katika pikapu na malori mengi madogo kutoka Japani, pampu hiyo imeshikizwa nyuma ya altaneta na hulainishwa kwa oili ya injini. Mpira wake wa oili ukipasuka, injini yaweza kukaukiwa na kuharibika kabisa. Malori makubwa yenye breki za hewa iliyoshindiliwa hutumia mfumo tofauti.

Afya ya injini ya petroli hupimwa kwa geji ya ombwe. Karibu na usawa wa bahari, injini nzima inayonguruma bila kukanyagwa mafuta husoma kati ya inchi 17 na 22 za zebaki. Kipimo hushuka kwa takriban inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hivyo, injini inayosoma 20 Mombasa yaweza kusoma 14 au 15 jijini Nairobi bila ya kuwa na kasoro yoyote.

Mpira unaoweza kuondolewa ni ule ambao kifaa chake hakipo tena, mathalani baada ya kabureta kubadilishwa. Tundu lake sharti lizibwe kwa kifuniko cha mpira kinacholibana barabara. Kuondoa mpira wa distribyuta huongeza ulaji wa mafuta, na kuondoa ule wa vali ya moshi huchafua hewa. Mpira wa busta haufai kuondolewa kamwe.

Katika kubadilisha, fundi mwangalifu huchora kwanza njia ya kila mpira, kisha hubadilisha mmoja baada ya mwingine. Mpira uliogandamana na ncha ya plastiki hupasuliwa kwa wembe, kwani ukivutwa kwa nguvu ncha huvunjika. Mpya uwe na upana na urefu sawa na wa zamani, na upitishwe mbali na ekzosi. Mpira wa busta uwe ule mgumu uliotengenezewa breki. Mpira wa maji hunywea unapofyonzwa. Vali ya njia moja iliyo kwenye mpira huo nayo irudishwe ikielekea kulekule ilikokuwa, ili hewa itoke kwenye busta bila kurejea.

Kabla ya lori kuondoka gereji, breki hujaribiwa hivi: injini ikiwa imezimwa, pedali hukanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mguu ukiwa bado umeikandamiza, injini huwashwa. Pedali ikididimia kidogo, busta inafanya kazi. Isipodidimia, hitilafu i katika mpira, vali, pampu au busta yenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, dereva anayezima injini kwenye mteremko wa Mai Mahiu ili kuokoa mafuta hujihatarisha. Busta huhifadhi ombwe la kukanyaga breki mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo, mzigo wote huachiwa nguvu za mguu wake.