Mcheza Kwao Hutunzwa: Filamu Zetu na Matamasha ya Mataifa

Tamasha si jambo geni kwa watu wa pwani. Kabla sinema haijajulikana katika nchi hizi, miji yetu ilikuwa na desturi ya kukusanyika na kushindanisha sanaa mbele ya halaiki. Katika ngoma ya beni, iliyoenea pwani na bara hasa baada ya Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, na wapenzi wa kila upande walitoka mji mmoja kwenda mwingine ili waone na waonekane. Mwamuzi alikuwa umma wenyewe. Mchezaji aliyewapendeza watu alitunzwa papo hapo, na aliyewachosha alijua kabla ngoma haijapoa. Ndipo wahenga wakasema kwamba mcheza kwao hutunzwa.

Wazungu walipoanzisha matamasha ya filamu, Venice mwaka 1932 na Cannes mwaka 1946, walikuwa wakifanya jambo lisilotofautiana sana na hilo. Iko tofauti moja tu, nayo ni kubwa. Mcheza ngoma huenda na mwili wake na hurudi nao. Filamu husafiri peke yake ndani ya makopo, ikahukumiwa na watu wasioujua mji ilikotoka, na pengine ikamaliza maisha yake yote bila kuonwa na wale ambao sura zao zimo ndani yake. Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi nchi yetu ilivyofika kwa mara ya kwanza katika mabaraza hayo ya mataifa, na kuuliza ni nani hasa aliyefika: ni filamu, ni watengenezaji wake, ama ni umma.

Sura zetu, mikono ya wengine

Hapana budi kuanza na zama za ukoloni, kwa maana picha zetu zilianza kusafiri kabla yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa hapa Tanganyika mradi wa kujaribu sinema za mafunzo kwa Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Ulisimamiwa na jumuiya ya kimataifa ya wamisheni, na fedha zake nyingi zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu fupi 35, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mambo yaliyofundishwa yalikuwa safura, kodi, ngozi za mifugo, na faida ya kuweka akiba posta. Mojawapo ya filamu hizo ilipigwa Kingolwira, karibu na Morogoro, katika njia ile ile ipitayo Ubena Zomozi kuelekea Chalinze na pwani.

Wachezaji wa filamu hizo walikuwa Waafrika, lakini fikra haikuwa yao. Mkulima alionyeshwa namna ya kulima, mgonjwa alionyeshwa namna ya kutibiwa, na wote wawili walinyamaza ili mwalimu asikike. Jambo la kutia uchungu zaidi ni kwamba ni chache tu kati ya filamu hizo zilizosalia, nazo zimehifadhiwa London. Mjukuu wa mkulima wa Kingolwira akitaka kumtazama babu yake akilima, hana budi kubisha hodi ughaibuni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuja kampuni moja ya filamu kutoka Afrika Kusini, ikatengeneza hapa michezo ya sinema kwa Kiswahili. Katika mmojawapo, Muhogo Mchungu, mchezaji mkuu alikuwa kijana mtumishi wa serikali aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, mnamo Januari 1962, kijana yule alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Kwa hiyo tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba miongoni mwa walioiongoza nchi hii katika siku zake za kwanza alikuwamo msanii wa sinema. Hata hivyo kamera ilikuwa ya wengine, na ilipoondoka iliondoka na kila kitu.

Uhuru haukulibadili jambo hilo kwa siku moja. Mwaka 1962 dunia ilionyeshwa filamu ya Marekani iliyopigwa katika nchi yetu, kwa sehemu kubwa upande wa Arusha, ikaitwa Hatari! Mwongozaji wake alikuwa Howard Hawks na nyota wake John Wayne. Neno letu lilipata heshima ya kuwa jina la filamu kubwa, na mbuga zetu zilipata sifa. Ama watu wetu, nafasi yao ilikuwa pembeni ya picha, wakibeba na kutumwa.

Hodi Ouagadougou

Waafrika walipojikomboa waliona mapema kwamba hawawezi kuyangojea mabaraza ya Ulaya yawapishe. Mwaka 1966 lilianzishwa tamasha la Carthage huko Tunisia, na mwaka 1969 likazaliwa tamasha la Ouagadougou, katika nchi iliyoitwa Volta ya Juu hadi mwaka 1984 ilipochukua jina la Burkina Faso. Hapo watengenezaji kama Sembène Ousmane wa Senegal walikutana na wenzao, wakatazamiana kazi, wakahojiana bila kumwogopa mtu.

Tanzania nayo ilikuwa imeamua kwamba sinema ni chombo cha taifa. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikakabidhiwa pia kazi ya kuingiza na kusambaza filamu za nje; na mwaka 1974 ikafuata taasisi ya serikali ya kutayarisha vielelezo vya sauti na picha. Katika miaka hiyo ilitoka Fimbo ya Mnyonge, iliyozungumzia kijiji cha ujamaa. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kila ukanda wa filamu ulipaswa kupelekwa nje ya nchi kwenda kusafishwa. Aliyepata kufanya kazi katika ofisi za utamaduni wakati huo anajua kwamba filamu moja ilikuwa mzigo wa miaka.

Ndiyo sababu ya kuukumbuka mwaka 1985. Katika mwaka huo filamu fupi iitwayo Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill, ilipelekwa Ouagadougou, ikarudi na tuzo. Habari yake ni ya mwanamke mgonjwa ambaye hospitali imeshindwa kumponya, naye ana hofu na waganga wa jadi. Mumewe anamsihi aende kwa mganga, na katika tiba ile hofu yenyewe inafunuliwa. Tazama tofauti na filamu za Vugiri. Kule mgonjwa alifundishwa kuyaacha ya kwao. Huku mgonjwa anapewa nafasi ya kuyapima ya kwao kwa akili yake mwenyewe. Haikuhitaji dakika nyingi: dakika zipatazo 36 zilitosha kulitia jina la nchi katika orodha ya mataifa yenye sinema.

Hivyo Tanzania ilihudhuria, ikatambuliwa. Lakini aliyekuwa Mbagala, Kilwa au Ubena siku ile tuzo ilipotolewa hakuona kitu. Filamu yenye maneno ya Kiswahili ilishangiliwa katika mji ambao lugha ya mikutano yake ni Kifaransa. Mcheza alitunzwa, ila si kwao.

Shule ya Bagamoyo

Wakati huo huo mji wa Bagamoyo ulikuwa ukijifunza kazi ya kukaribisha. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa hapo mwaka 1981, kikirithi kazi ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi, na mwaka uliofuata kikaanza tamasha lake la kila mwaka. Wanafunzi walionyesha walichojifunza, na wenyeji wa Bagamoyo, wavuvi, wakulima wa minazi na wauza samaki, waliketi kuwa waamuzi. Chuo hicho, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilipokea baada ya muda vikundi kutoka mataifa ya mbali. Mwaka 2002 moto uliteketeza ukumbi wake mkubwa, lakini tamasha halikuzimika.

Fundisho la Bagamoyo ni hili: mgeni hakuja ili mwenyeji atazamwe kama kivutio. Amekuja naye na ngoma yake, na mwenyeji ana haki ya kuisifu au kuinyamazia. Hapo ndipo methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone, inapopata maana yake kamili.

Ngome Kongwe, 1998

Mwaka 1998 lilifanyika kwa mara ya kwanza Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililojiita pia Tamasha la Nchi za Jahazi. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara. Pepo za kaskazi na kusi ziliziunganisha Afrika, Arabuni, Uajemi, Bara Hindi na visiwa vya bahari yetu karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuchora mipaka ya dola za leo. Hata tuzo kuu ya tamasha ikaitwa Jahazi la Dhahabu.

Sisi tuliovuka kutoka Bagamoyo mwaka ule hatukuwa tumewahi kuhudhuria tamasha la filamu la mataifa. Tulikuwa tumezoea jukwaa, mahali ambapo mchezaji humwona mtazamaji. Tuliketi katika ngazi za mawe ndani ya Ngome Kongwe, boma lililojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwafukuza Wareno, tukangoja jua litue na sala ya magharibi ipite, kwa maana pazia lilikuwa wazi chini ya mbingu na mwanga ndio uliokuwa na amri. Kilichotushangaza si filamu. Tulishangazwa na watazamaji. Mabibi wa Ng'ambo waliovaa buibui walikaa bega kwa bega na wageni wa ng'ambo ya bahari. Walimjibu mchezaji aliyekuwa ndani ya picha, walimwonya, walimcheka, wakamwombea dua. Asubuhi, katika mabaraza ya Mji Mkongwe, kahawa ilinywewa na hukumu ikatolewa kabla majaji hawajakutana.

Hatukupaswa kushangaa. Zanzibar ilikuwa na jumba la sinema la kifahari tangu mwaka 1921, na vizazi kadhaa vya pwani vilikuwa vimelia na kuimba pamoja na Raj Kapoor katika Awara, filamu ya Kihindi ya mwaka 1951. Watu wetu walikuwa watazamaji wa kimataifa kwa zaidi ya nusu karne. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba rai yao ni rai, na kwamba baraza la mataifa laweza kukaa mlangoni pao. Tamasha lile lilikwenda mbali zaidi likawafuata waliko, kwa maonyesho ya vijijini Unguja na Pemba. Kwa maoni yetu, hapo ndipo umma wa Tanzania ulipohudhuria tamasha la mataifa kwa mara ya kwanza, si kwa kuwakilishwa bali kwa kuwapo.

Matunda na deni

Tangu hapo safari zimeongezeka. Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilikuwa mwaka 2001 filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar kwa upande wa filamu za lugha za kigeni. Ilipita miaka 21 kabla ya nyingine kufuata mwaka 2022, nayo ilikuwa Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na ambayo mwaka 2021 ilikuwa imeonyeshwa katika tamasha la Toronto. Riwaya ya Kiswahili ilivuka bahari ikiwa picha, na Kiswahili chake hakikubadilishwa. Mgeni ndiye aliyesoma tafsiri chini ya pazia. Hilo ni jambo la fahari.

Lakini fahari isitusahaulishe deni. Kampuni ya Filamu Tanzania haipo tena, na filamu za zama zake ni shida kuzipata. Kijana anayesoma sanaa leo anaweza kumaliza masomo yake akiwa ameisikia Arusi ya Mariamu kwa jina tu. Majumba mengi ya sinema yaliyowalea watazamaji wa pwani yamefungwa au yamegeuzwa kuwa maduka na maghala. Tukipeleka filamu nje tukasherehekea tuzo, kisha tukakosa mahali pa kuionyesha Chalinze au Pangani, tutakuwa tumerudi Vugiri kwa njia nyingine: sura ni yetu, macho ni ya wengine.

Yapo mambo mawili yanayohitajiwa, na wala si makubwa mno. La kwanza ni hifadhi. Kila filamu iliyotengenezwa katika nchi hii, tangu zile za wakoloni, itafutwe, inakiliwe na iwekwe mahali ambapo raia anaweza kuitazama bila kuomba pasipoti. La pili ni desturi. Kila filamu inayotuzwa katika tamasha la mataifa irudishwe na kuonyeshwa hadharani katika mji au kijiji ilikopigwa, na wenyeji wapewe nafasi ya kusema waliyoyaona. Bagamoyo kuna jukwaa na kuna watazamaji waliozoea kuhukumu tangu mwaka 1982. Zanzibar kuna ngome na kuna uzoefu. Vyombo vipo, kinachotakiwa ni nia ya kuvitumia kwa ajili hiyo.

Mabaharia wetu husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Filamu zetu zimekwenda tezi, zimekwenda omo, na dunia imeziona. Sasa zirejee ngamani, ziwaone waliozizaa, na wao wazitunze.