Mwashanti wa Marryat na Waashanti wa Henty

Riwaya za Kiingereza za vijana waendao vitani, majini na nchi kavu, aghalabu huhesabiwa kuwa za namna moja. Anayezisoma kwa makini huona tofauti, hasa akimfuata Mwashanti mmoja.

Frederick Marryat, aliyezaliwa mwaka 1792, aliingia katika jeshi la wanamaji akiwa na miaka 14, akapigana na Wafaransa chini ya Kapteni Cochrane. Katika Mr Midshipman Easy (1836) kijana Jack Easy anapanda manowari na falsafa ya baba yake kuwa watu wote ni sawa. Na manowari, mahali pa amri na mjeledi, inamcheka. Anayekuwa rafiki yake ni Mesty, mkubwa wa Kiashanti aliyeuzwa utumwani Marekani, akatoroka, na sasa anawachemshia vijana wa Kiingereza maji. Mesty ni jasiri na mwerevu kuliko mabwana wengi wa melini. Kweli, Kiingereza chake kimevunjwavunjwa ili msomaji acheke, na mwisho wake ni utumishi katika nyumba ya rafikiye. Lakini Marryat, ambaye baba yake alikuwa tajiri wa West Indies na mtetezi wa utumwa, alimpa mtu huyu tarehe yake, hasira yake na fahari yake. Si haba.

George Alfred Henty aliwaona Waashanti kwao. Alikuwa mwandishi wa habari aliyefuatana na jeshi la Wolseley katika vita vya 1873 hadi 1874, Kumasi ilipotiwa moto. Miaka kumi baadaye akatoa By Sheer Pluck (1884). Humo kijana Frank Hargate anasafiri Afrika Magharibi na Goodenough, mtaalamu wa wanyama, ambaye humfundisha kwamba akili ya mtu mweusi hailingani ila na ya mtoto wa Kizungu. Frank anasikiliza, hambishii.

Baharia aliyeyajua maisha ya melini tangu utotoni alihitaji mwenzi wa hatari, akamuumba Mesty. Henty alikuwa na mji uliochomwa wa kuutolea sababu. Na vitabu vyake vilitolewa zawadi mashuleni: mvulana aliyefanya vyema alirudi nyumbani na jalada la rangi, na maneno ya Goodenough ndani yake.