Maneno ya Waashi na Magofu ya Kunduchi

Kaskazini ya mji wa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni, yako magofu ya Kunduchi: msikiti wa mawe unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, pamoja na makaburi ambayo mengi ni ya karne ya 18 na 19. Kusini ya bandari, upande wa Kigamboni uliokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Temeke, yako magofu ya Mbuamaji. Habari nyingi za majengo ya namna hii ziliandikwa kwa Kiingereza, kama katika kitabu cha Peter Garlake cha mwaka 1966 juu ya majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani. Istilahi za elimu hiyo zilikuzwa Ulaya, na nyingi katika kueleza makanisa ya Zama za Kati. Nasi tunapoandika kwa Kiswahili twaelekea kuzifasiri neno kwa neno. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba kwa kufanya hivyo twapoteza maarifa yaliyomo katika lugha yenyewe.

Tuanze na kazi yenyewe. Kiswahili hutenga kujenga na kuaka. Kujenga ni neno la jumla, nalo hutosha kwa nyumba ya miti na udongo. Kuaka ni kujenga kwa mawe na chokaa, na fundi wake ndiye mwashi. Kadhalika kiambaza ni cha fito na udongo, na ukuta ni wa mawe. Anayeandika kwamba msikiti wa Kunduchi ulijengwa hakukosea, lakini asemaye kwamba uliakwa amekwisha kueleza ulivyofanywa.

Mawe nayo si ya namna moja. Waandishi wa Kiingereza mara nyingi hutaja jiwe la bahari kwa jina moja tu. Mwashi hujua kwamba matumbawe hukatwa baharini yangali mabichi, nayo ni mepesi na laini, yafaa kuchongwa nakshi za mihrabu; lakini kuta hufanywa kwa mawe magumu yachimbwayo nchi kavu. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma mawe hayo ya asili ya bahari.

Neno sakafu lina historia ya kupendeza zaidi. Kwa Kiarabu asili yake ni paa, lakini kwa Kiswahili ni mahali pa kukanyaga. Sababu yaonekana katika jengo lenyewe: juu ya boriti za mikoko hutandazwa mawe na chokaa, hata yakapatikana mapaa yaliyo sawa, ambayo watu huweza kuyatembea. Paa la aliye chini ni sakafu ya aliye juu. Na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vya kale havizidi sana upana wa mita 3. Hivyo neno moja na mti mmoja huonyesha umbo la nyumba nzima.

Ugumu huzidi tunapofika msikitini. Katika makanisa mengi makubwa ya Ulaya safu mbili za nguzo huacha njia pana katikati, nayo humwongoza mtu mpaka madhabahuni, upande wa mashariki. Katika baadhi ya misikiti ya kale ya pwani safu ya nguzo imesimamishwa katikati, mbele ya mihrabu iliyo upande wa kaskazini. Ukitumia jina la ile njia ya kanisa, umemwonyesha msomaji kitu kisichokuwako.

Mfano mwingine ni makaburi ya Kunduchi yaliyosimamishiwa mhimili mrefu na kupambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Wengi husema “kaburi la nguzo”, kwa kufuata Kiingereza. Lakini nguzo huchukua uzito, na mhimili huu hauchukui kitu. Mnara ni neno lifaalo zaidi, kwani Kiswahili hulitumia pia kwa kumbukumbu iliyosimamishwa ili ionekane.

Hata hivyo neno lililozoeleka si ushahidi wa kutosha. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani yaitwa kwa jina litokalo katika neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Lakini uchimbaji wa Neville Chittick ulionyesha kwamba lilikuwa jumba la kifalme la karne ya 14. Yapasa neno na jengo vipimwe pamoja.

Hapana budi basi maneno ya waashi yakusanywe kwa utaratibu, kabla ya kuunda istilahi mpya za vitabu na majumba ya makumbusho. Magofu huliwa na mvua na mizizi ya miti. Na pale saruji inaposhika mahali pa chokaa, maneno ya chokaa hukosa wa kuyasema. Ukuta ulioanguka waweza kuchorwa upya kutokana na misingi yake, lakini neno lililosahauliwa halichimbuliwi.