Bepari na Sonara: Maneno ya Kihindi na Historia ya Biashara katika Shinyanga na Geita

Wanaoandika kuhusu utamaduni wa Wahindi waishio nje ya Bara Hindi huanzia, kwa kawaida, ndani ya nyumba: dini, ndoa, mapishi, lugha ya mama, heshima kwa wazee. Mtazamo huo una haki yake, lakini kwa mtafiti wa Kiswahili una upungufu. Majirani wengi wa Wahindi katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita hawakuwafahamu sebuleni. Waliwafahamu dukani, mbele ya mizani. Tunu za Kihindi zilizoyagusa maisha ya Usukuma ziliingia kwa mlango wa biashara, na ushahidi wake umo katika msamiati. Makala haya yanafuatilia maneno mawili, bepari na sonara. Yote mawili yalitoka katika lugha za Bara Hindi yakiwa majina ya kazi za heshima, kisha historia ikayapeleka njia tofauti.

Jina lenyewe Mhindi linahitaji tahadhari. Khoja wa Kachchh, Patel wa Gujarat na Singasinga wa Punjab wasingehesabiana kuwa watu wa jamii moja huko walikotoka. Hawakusali pamoja, hawakuoana, na mara nyingi hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Ni Afrika Mashariki iliyowafanya wote kuwa Wahindi. Kiswahili cha pwani kilizijua tofauti hizo mapema, ndiyo maana kina Banyani, Bohora na Khoja. Bara jina moja lilitosha. (Lugha yetu, hata hivyo, ina ukarimu wake katika jambo hili: zao lililotoka Amerika na kulisha Usukuma nzima tumeliita mahindi, kana kwamba nalo lilishuka na majahazi ya Surat.)

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na maduka yakafuata vituo. Mwenye duka aliuza kitambaa, chumvi na mafuta ya taa, akanunua nafaka, ngozi na, zaidi ya yote, pamba. Maneno ya shughuli hiyo yanajulikana kwa kila msomaji: pamba ilijazwa katika gunia, ikalipwa kwa pesa, na fedha nyingi zikahesabiwa kwa laki; malipo ya mbali yalikwenda kwa hundi, na mali ikakatiwa bima. Abdulaziz Lodhi, katika utafiti wake wa mwaka 2000 kuhusu athari za lugha za mashariki katika Kiswahili, ameonyesha upana wa mikopo hii. Linalonivutia ni mahali inapokusanyika. Msamiati wa kuaminiana katika biashara yetu ni wa Kiarabu kwa sehemu kubwa: amana, dhamana, na ile mali kauli ambayo mtu hupewa kwa neno lake tu. Yale ya Kihindi yanahusu zaidi kuhesabu, kufungasha na kuandika. Kiswahili kilichukua kutoka kwa kila jirani kile ambacho jirani huyo alionekana kukifanya kwa umahiri, na kwa Mhindi kilichoonekana ni kitabu cha hesabu.

Kitabu hicho hakikuwa ujanja mtupu. Kwa familia zilizokuwa na ndugu Mwanza, mnunuzi Mombasa na wazee Gujarat, maandishi ndiyo yaliyoushikilia ukoo pamoja. Hata katika historia ya Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, Mhindi anayetajwa zaidi si mwenye duka wala mchimbaji. Ni Iqbal Chopra, wakili wa Mwanza, aliyekuwa mshauri wa sheria wa Williamson na mbia wake. Mmoja alikuwa na mwamba, mwingine alikuwa na mkataba.

Lakini mkulima aliyesimama mbele ya mizani hakukiona kitabu, au alikiona bila kuweza kukisoma. Malalamiko kwamba wanunuzi wa pamba walipunja uzito ndiyo yaliyozaa siasa za Usukuma. G. Andrew Maguire, katika kitabu chake cha 1969, anaeleza jinsi wakulima walivyoweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wanunuzi, na jinsi hatua hiyo ndogo ilivyokua kuwa ushirika. Paul Bomani alikuwa mbele katika juhudi hizo, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa. Halafu ikaja Geita. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipoweka huko halmashauri ya wilaya ya mseto, yenye wajumbe Waafrika, Waasia na Wazungu, wananchi waliikataa na umati ukatembea hadi Mwanza kupinga. Kilichokataliwa si ujirani. Mwenye duka aliweza kukaa kijijini miaka thelathini bila kubughudhiwa. Ila mtu aliyeshika mizani asipewe na kiti cha kutawala.

Hapo ndipo neno bepari linapopata uzito. Katika Kigujarati vepari, na katika Kihindi bepari au byopari, ni mfanyabiashara tu, na jina hilo hubebwa kwa fahari, kwa kuwa kufanya biashara kwa uaminifu na kuwaachia wana duka lisilo na deni ni sehemu ya wema wa mtu. Kiswahili kilipolipokea kililiweka katika ngeli ya fundi na karani: bepari, mabepari. Kwa umbo, basi, alikuwa mwenye kazi miongoni mwa wenye kazi. Badiliko lilianza pale lilipopewa kiambishi u-. Kutoka ubepari likazaliwa kibepari, na jina la mtu likawa jina la mfumo. Mabadiliko ya maana hayana siku moja ya kuzaliwa, lakini Azimio la Arusha la 1967, lililouweka ubepari pamoja na ukabaila kuwa mambo ya kuondolewa, liliipa maana mpya nguvu ya dola. James Brennan (2012) ameeleza jinsi lugha ya unyonyaji, pamoja na kupe na mirija yake, ilivyoelekezwa kwa Wahindi hata pale ambapo hawakutajwa. Ningeongeza kwamba neno bepari halikuhitaji kuelekezwa popote. Tayari lilikuwa na anwani.

Mfano bora wa hali hiyo ya katikati umo katika fasihi. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio, Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina Mabepari wa Venisi. Wahakiki wameujadili umoja wa Kiingereza uliogeuka wingi. Mfanyabiashara wa jina la asili ni Antonio, anayekopesha bila riba. Shylock ni mtoza riba. Wingi wa Kiswahili unawatia wote katika kapu moja. Wapo wanaoona hapo itikadi peke yake. Sikubaliani nao kikamilifu. Kwa mtu wa kizazi cha Nyerere bepari bado lilikuwa neno halali la mfanyabiashara, na mbadala wake wa pwani, tajiri, lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo, lilikwisha kuhamia kwa mwenye mali yeyote. Jina la tafsiri hiyo linasimama juu ya mpaka: linafasiri kwa maana ya zamani na kuhukumu kwa maana mpya. Mwanafunzi wa leo anaona upande mmoja tu, na hilo linamficha jambo la kihistoria: kuna watu waliosikia kazi ya baba zao ikigeuka shutuma ndani ya lugha waliyokuwa wakiizungumza kila siku.

Isidhaniwe kwamba pande mbili zilijipanga kwa rangi. Bomani, mtu wa mizani ya wakulima, alikuwa Waziri wa Fedha hadi 1965. Aliyempokea ni Amir Jamal, Mhindi aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922, na ndiye aliyekuwa wizarani Azimio lilipotangazwa. Wana wawili wa kanda moja walipokezana hazina ya taifa. Miaka minne baada ya Azimio, sheria ya 1971 ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na Wahindi wengi wakaondoka kuelekea Uingereza na Kanada. Kipimo cha kupoteza nyumba kilitajwa kwa neno walilolileta wao. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam na kuhamia Kanada, alipoandika riwaya yake ya kwanza mwaka 1989 aliihifadhi kumbukumbu ya ukoo ndani ya gunia, na kuiita The Gunny Sack. Kati ya vyombo vyote vya nyumba ya Kihindi alichagua kile cha dukani.

Sonara halikupatwa na hayo. Asili yake ni sonar, mfua dhahabu, kutoka sona, yaani dhahabu. Kiswahili kilichukua jina la madini kwa Mwarabu na jina la fundi kwa Mhindi, na kutoka huko pia kikapata bangili. Kwa familia nyingi za Kihindi dhahabu anayopewa binti siku ya harusi si pambo tu; ni akiba yake mwenyewe, inayoweza kubebwa na kupimwa popote. Sonara ndiye mlinzi wa akiba hiyo. Labda ndiyo sababu kutoka kwake tumepata usonara, jina la ufundi, bila kupata mfumo wa kushutumiwa, ingawa naye anaishi kwa mizani.

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Kati ya vipindi hivyo na hata sasa, wachimbaji wadogo wameunda lugha yao: duara, mwalo, karasha. Humo shimoni sioni neno la Kihindi. Linaanza kusikika dhahabu inapofika juu ya mizani. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, bei hutajwa hadharani na uzito husomwa mbele ya muuzaji, jambo ambalo wapimaji wa pamba wa miaka ya 1950 wangelielewa mara moja. India ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa dhahabu ya Tanzania. Wenye mitaji wanaokuja kwenye ukanda huu, wawe wa asili ya Kihindi au la, hawaitwi tena mabepari katika hotuba za viongozi. Tangu miaka ya 1990 jina lao ni wawekezaji. Sonara amebaki sonara, na wengi wanaolibeba jina hilo leo katika miji ya Kanda ya Ziwa ni Waafrika.